Mwana wa Genzi

Katika Jamhuri ya Ungojani hata mtoto aliyeanza juzi kuota meno aliijua sheria hii: mwanagenzi ni mwana wa Genzi, na asiyekuwa mwana wa Genzi hapati kazi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hapo kale neno mwanagenzi lilimaanisha mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, akiwa chini ya fundi, naye fundi humkanya anapokosea na kumwachia nyundo anapoweza. Lakini Serikali ya Ungojani ilikuwa serikali ya wasomi, na wasomi hawapendi neno lipite mbele yao bila kulikagua. Wizara ya Ajira Zijazo iliunda Tume; Tume ikapelekwa kwenye hoteli yenye hewa nzuri, ikakaa huko masika yote ikilipasua neno lile kama mtu apasuaye nazi. Kwamba "mwana" ni mtoto, hapakuwa na ubishi. Swali lililowatoa jasho wajumbe ni hili: Genzi ni nani? Siku moja alasiri mjumbe mmoja, aliyekuwa amesinzia tangu chakula cha mchana, alizinduka na kuitika kwa sauti kuu, "Mkurugenzi!", kwa kuwa aliota anaulizwa cheo chake. Tume nzima ikasimama na kumpigia makofi. Jibu lilikuwa limepatikana. Ikiwa yupo mkuru-genzi, huyo ndiye Genzi mwenyewe katika ukuu wake, na mwana-genzi hawezi kuwa mwingine ila mtoto aliyemzaa.

Tangu siku hiyo kijana aliyehitimu chuo hakuulizwa tena amesoma nini. Aliulizwa amezaliwa na nani. Alipelekwa katika ofisi ya mkurugenzi akakaa humo miezi tisa, kama maumbile yanavyotaka. Muda ukitimia, mbele ya umma, katika Siku ya Kukiri, mkurugenzi alimshika mkono na kutamka, "Huyu ni mwanangu." Maneno hayo ndiyo yaliyofungua milango ya ajira. Ambaye hakukiriwa alirudi kwao kuungana na wenzake waliokuwa wakiota jua vibarazani, ambao Serikali iliwaita kwa heshima Akiba ya Taifa.

Na kwa kuwa mtoto mwenye adabu haingilii shughuli za wazazi, mwanagenzi hakuigusa kazi. Alibeba mkoba. Alimpangia baba yake foleni ya benki, alimshikia mwavuli, alicheka mahali palipostahili kicheko. Kazi yenyewe aliruhusiwa kuiona kwa mbali, kama mahujaji wanavyouona mlima.

Mwaka huo Waziri wa Ajira Zijazo, Mheshimiwa Ludoviko Mabawa, alitangaza mageuzi. Alisimama mbele ya vipaza sauti vingi kuliko wasikilizaji, akasema kwamba Ungojani imechoka na bora uanagenzi. Sasa inataka uanagenzi bora. Maneno hayo yalishangiliwa kwa muda mrefu, hasa na wale ambao hawakuitambua tofauti. Utekelezaji ulianza mara moja: kila mwanagenzi alipewa tai.

*

Bwana Eliakimu Mapande alikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Kupokea Malalamiko. Alikuwa mtu wa suti ya vipande vitatu, mwenye kuwahi ibada, asiyekunywa wala kuvuta. Ila yake ilikuwa moja, nayo ni gere. Alimwonea gere jogoo wa jirani kwa kuwa mtaa mzima uliamka kwa sauti yake. Alimwonea gere mkewe kwa kuwahi kusinzia. Alipokwenda kumjulia hali mgonjwa, alirudi nyumbani amenuna, maana watu wote waliokuwapo walimwuliza mgonjwa tu anaendeleaje.

Idara yake ilisifika kwa utii wa jina lake. Iliitwa ya kupokea; haikuitwa ya kujibu. Mwananchi alifika dirishani akasema shida yake, karani akainamisha kichwa na kusema, "Limepokelewa," kisha lalamiko likapelekwa ghalani, ambako mchwa walilishughulikia kwa kasi ambayo hakuna Idara nyingine iliyowahi kuifikia.

Lakini gere ya Bwana Mapande ilikuwa na kiota chake maalumu, nacho kilikuwa ng'ambo ya ukumbi, katika ofisi ya Bwana Tito Singano, Mkurugenzi wa Idara ya Sherehe na Maombolezo. Wawili hao waliapishwa siku moja, saa moja, kwa Biblia moja. Hata hivyo Singano ndiye aliyewekewa zulia kwanza. Na kila mwaka Singano ndiye aliyejifungua watoto wa maana: mwaka juzi mpwa wa Spika, mwaka jana mjukuu wa Jaji, kijana ambaye hakuonekana ofisini hata mara moja na bado alikiriwa kwa machozi. Bwana Mapande alizaa watoto wa kawaida, wa kubeba mkoba na kusahaulika.

Kwa hiyo karani wake mkuu, Bi Perpetua, alipoingia asubuhi moja na kumwambia kwamba mwanagenzi wao mwaka huo ni Apolonia Sewando, Bwana Mapande aliketi chini taratibu. Katika Ungojani alikuwapo Sewando mmoja wa kusikika, naye ni Jenerali Sewando, Mkuu wa Majeshi, yule aliyewahi kuamuru mawingu yapigwe mizinga kwa kuchelewesha gwaride. Mkurugenzi hakuuliza zaidi. Aliyeletewa asali haulizi habari za nyuki.

Alivuka ukumbi akamwambia Singano, kwa sauti ya mtu anayelalamika, kwamba malezi ni mzigo, na kwamba hajui atamlazaje, yaani atamkalishaje, mtoto wa watu wakubwa namna ile katika ofisi isiyo na zulia. Alisimama hapo mpaka alipouona uso wa mwenzake umebadilika rangi, ndipo akarudi kwake akiwa ameshiba kama aliyekula pilau.

*

Apolonia alikuwa binti mrefu, mtaratibu, mwenye desturi ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho wa sentensi, jambo ambalo watumishi wa Idara walilidhania kuwa kilema cha masikio. Alipewa kiti, heshima ambayo mwanagenzi hakuwahi kuipata. Siku ya pili alibisha hodi kwa Mkurugenzi, akaamkia, na kusema kwa upole kwamba angeomba apewe kazi.

Bwana Mapande alipaliwa na chai. Alitaka kumkumbusha mila na adabu, lakini macho ya fikra yalimwonyesha mizinga ikielekezwa kwenye suti yake. Akamkalisha dirishani.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Mama Nyamizi, mwuza dagaa wa soko la Bonde la Chini. Alilalamika kwamba choo cha soko hakina mlango, na kwamba wanawake hujisitiri kwa zamu, mmoja ndani na mmoja nje akitandaza khanga. Lalamiko hilo alilileta kila mwaka, naye alikuwa ameshageuka kuondoka kabla ya kusikia "Limepokelewa." Badala yake alisikia sauti ikimwuliza, "Mama, na huo mlango wenyewe ulikwenda wapi?"

Mama Nyamizi aligeuka tena. Maishani mwake hakuwahi kuulizwa swali na dirisha lile.

Mlango, ilivyobainika, uling'olewa siku ya uzinduzi wa choo hicho hicho, ukafanywa jukwaa la kusimamia Waziri, kisha ukahifadhiwa katika Idara ya Sherehe na Maombolezo kuwa kumbukumbu ya siku mlango ulipofunguliwa. Apolonia alivuka ukumbi akauomba. Akaambiwa asubiri, kwa kuwa katika Ungojani hilo ndilo jibu la maombi yote. Akasubiri. Aliketi kwenye benchi la Singano tangu asubuhi mpaka wafagiaji walipomfagia miguu, na kesho yake akaja tena, akamsalimu kila aliyepita kwa jina lake, hadi watumishi wa Idara ile, ambao hawakuzoea kutazamwa wakiwa hawafanyi kitu, wakaona ni nafuu kutoa mlango kuliko kuendelea kutazamwa.

Mama Nyamizi akaushika mbele, Apolonia akaushika nyuma, wakaubeba kichwani na kupita nao katikati ya mji. Watu walisimama njiani. Walikuwa wameona mengi yakiingia serikalini. Kitu kilichotoka serikalini na kuelekea kwao hawakuwahi kukiona.

Siku hiyo Bwana Mapande alicheka peke yake mpaka akafungua kifungo cha kizibao. Mlango wa Singano umekwenda! Akamwagiza Bi Perpetua amnunulie Apolonia soda.

*

Sasa, watu wa Ungojani wana desturi kama majirani zao wengi: mzazi huitwa kwa jina la mwanawe. Sheria ilisema Apolonia ni mtoto wa Mkurugenzi, na watu wa Ungojani walikuwa watu wa kutii sheria.

Kesho yake asubuhi, kinyozi alimfunga Bwana Mapande kitambaa shingoni na kusema, "Karibu, Baba Apolonia."

Mkurugenzi alilipokea jina hilo kwa tabasamu. Lilikuwa na ladha ya ushindi. Lakini mchana akalisikia kwa dereva, jioni akalisikia kwa mchungaji, na Jumapili mzee wa kanisa akatangaza kwamba sala ya kufunga itaongozwa na Baba Apolonia. Mkewe naye aligeuka Mama Apolonia, akafurahia, kwa kuwa wauza samaki walianza kumchagulia wale wenye macho maangavu. Mwanawe wa kumzaa, Fanueli, kijana wa sekondari, alirudi nyumbani na kusema wenzake wamemwuliza kama ni kweli yeye ndiye mdogo wake Apolonia.

"Ukawajibuje?" baba yake alimwuliza.

"Niliitikia, baba. Wakanipisha kwenye foleni ya chakula."

Wakati huo dirisha lilikuwa limegeuka chemchemi. Watu walitoka wilaya za mbali. Hawakuwa wote wenye kuondoka na mlango. Wengi waliondoka na jibu tu, tena jibu la kuwa haiwezekani, lakini walilibeba kwa mikono miwili kwa sababu lilikuwa lao. Apolonia alikwenda nao, akauliza, akaketi kwenye mabenchi ya Idara nyingine, akarudi kuwaambia alichoambiwa. Hakuwa na hila nyingine. Bwana Mapande aliyajua hayo yote, kwa maana alikuwa ametoboa tundu dogo katika pazia la ofisi yake, na hapo ndipo alipoanza kupitisha siku zake za kazi. Alitazama watu wakimwaga shukrani miguuni pa msichana huyo, na kila shukrani ilimpita yeye kama mvua inavyompita mtu aliye ndani.

Akaanza kutafuta dawa. Aliamuru kiti cha Apolonia kiondolewe, akidai kinahitaji ukaguzi. Apolonia akasimama, na wananchi, kwa kuona aibu ya kuketi mbele ya aliyesimama, wakasimama nao, wakaonekana wengi zaidi. Akamhamishia ghalani kwa mchwa. Foleni ikahamia ghalani. Mwishowe akaona hakuna njia ila kuliketia dirisha yeye mwenyewe. Alivaa suti yake ya kijivu, akamtuma Apolonia kwenda kuhesabu miti ya uani, akalifungua pazia kwa mkono wake.

Mbele yake alisimama ajuza mmoja, amejifunga kaniki, na khanga mabegani. Ajuza akamtazama Mkurugenzi, kisha akachungulia kulia kwake, kisha kushoto kwake, kama mtu atafutaye njia pembeni ya kichuguu.

"Shikamoo, mzee," Bwana Mapande alianza, maana ajuza alimzidi umri kwa mbali, na yeye alikuwa na malezi. "Sema shida yako."

"Marahaba, mwanangu. Mwenyewe yupo?"

"Mwenyewe ni mimi."

"Hapana, baba. Namuuliza mwenye dirisha."

"Bibi, mimi ndiye Mkurugenzi. Idara yote hii ni yangu. Dirisha, pazia, hata hilo benchi."

"Hongera, baba, Mungu akuzidishie." Ajuza akajikokota hadi kwenye benchi, akaketi, akajipanga khanga. "Basi mimi nitamngoja."

Foleni yote ikamfuata kuketi. Bwana Mapande alikaa dirishani asubuhi nzima akiwatazama, nao wakamtazama kwa huruma na adabu, kama watu watazamao saa iliyosimama.

*

Jioni ile Bi Perpetua, aliyekuwa amehudumu chini ya wakurugenzi wengi na kuwazika wachache, alimletea Mkurugenzi chai na habari. Alieleza, huku akikoroga sukari ambayo hakuombwa aikoroge, kwamba aliwahi kukutana kisimani na mama yake Apolonia. Baba yake binti huyo ni Sewando mshona magunia wa Bonde la Chini. Na Jenerali hata wakimwonyesha hatamjua; binti yake Jenerali anasoma ng'ambo, nchi yenye kazi.

"Umejua lini habari hii?" aliuliza Mkurugenzi.

"Tangu siku ya kwanza, Mheshimiwa."

"Na hukuniambia?"

"Uliniamuru nipokee, Mheshimiwa. Hukuniamuru nijibu."

Mwingine angekasirika. Bwana Mapande alihisi kamba ikifunguka kifuani mwake. Miezi yote hiyo alikuwa akimchukia mtoto huyo kwa woga, kwa kujibana, kama mtu mwenye kikohozi kanisani. Sasa angeweza kumchukia kwa raha.

Juma la mwisho Apolonia alikuja kumwona. Alimwamkia, akabaki amesimama, kwa kuwa kiti kilikuwa bado kinakaguliwa. Alisema kwamba Halmashauri ya Bonde la Chini imemtaka kazi, ya mshahara, ya kuwasikiliza watu; kwamba kwao hakuna mwingine mwenye mshahara; na kwamba kilichobaki ni neno la Mkurugenzi Siku ya Kukiri. Alimwomba asimsahau.

Bwana Mapande alikunja mikono juu ya meza. Akamweleza kwa kirefu kwamba ubaba si jambo la mchezo; kwamba wako watoto wanaokuja nyumbani mwa watu na kulivaa jina la baba mpaka baba mwenyewe akabaki uchi; kwamba hata mti huunyima jua mche unaopanda haraka.

Apolonia alisikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

"Mzee," akasema, "sikuja kulichukua jina lako. Nilikuja kulitafuta langu."

Neno hilo lilimkereketa Mkurugenzi usiku kucha. Halikumkereketa kwa ubaya wake, bali kwa uzuri wake. Alijigeuza kitandani akijiuliza kwa nini hakulisema yeye.

*

Siku ya Kukiri uwanja ulijaa. Kwa desturi hapo walikuwapo wakurugenzi, watoto wao na bendi ya polisi tu. Safari hii Bonde la Chini lote lilipanda, na dagaa wake, na khanga zake, na ajuza wa kaniki akiwa mbele. Waziri Mabawa, asiyejua walikuja kwa ajili ya nani, alidhani ni kwa ajili yake, akarefusha hotuba. Aliutangazia umma kwamba uanagenzi bora umeiva, kwamba katika mwaka mmoja tai zimeongezeka maradufu, na kwamba mataifa yanakuja kujifunza jinsi ya kuzifunga.

Kisha wakurugenzi waliitwa. Singano alimkiri kijana mnene ambaye ilibidi amwulize jina. Wengine wakawakiri wao. Mwishoni akaitwa Bwana Eliakimu Mapande, na Apolonia akasimama kando yake, na uwanja wote ukapaza sauti moja:

"Baba Apolonia!"

Mkurugenzi alingoja wamalize. Waziri akamwuliza, kama sheria inavyotaka, kama huyu ni mwanawe.

"Simjui," alisema Bwana Mapande. "Sikumzaa."

Apolonia hakulia, aliinama akaokota mkoba wake, kama mtu aliyeambiwa na mvua kwamba safari haipo. Lakini hakupiga hatua ya tatu. Bwana Tito Singano alikuwa ameutazama umati ule, akaupima, akaona kwamba mtoto anayefuatwa na watu wote hao hastahili kutupwa. Akasimama.

"Ni wangu!" akasema. "Mheshimiwa Waziri, damu nzito. Huyu binti aliketi kwenye benchi langu. Huko ndiko alikotungwa."

Mkurugenzi wa Maji Yajayo naye akasimama, akadai kwamba binti huyo ana pua yake. Mkurugenzi wa Barabara za Kwenye Ramani akaapa kwamba ni mtoto wake wa kitinda mimba. Kufumba na kufumbua wakurugenzi saba walikuwa wakishikana tai, kila mmoja akijitwika uchungu wa uzazi, hata bendi ikapiga wimbo wa taifa ili kuwatuliza. Apolonia akamwomba Waziri ruhusa ya kusema.

"Mheshimiwa," alisema, "kila anayesema mimi ni wake, naomba aseme nilifanya kazi gani."

Ombi hilo liliwastusha wote. Katika Siku ya Kukiri mambo mengi yaliwahi kutajwa, lakini kazi haikuwamo. Singano alikohoa. Alisema binti huyu alifanya kazi iliyotukuka, kwa weledi na uzalendo. Alipobanwa zaidi alisema kwamba, kwa mfano, yeye Singano ndiye aliyebuni kurudisha mlango wa choo, akamtuma mtoto wake aupeleke.

Hapo ndipo Bwana Mapande alipovunjika. Angeweza kustahimili msichana yule apotee. Angeweza kustahimili kuitwa katili. Kumwona Singano akivishwa sifa ya mlango ule hakuweza.

"Mwongo!" akasema, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Wewe ulimkalisha tangu asubuhi hata jioni, na kesho yake tena, wala hukumpa maji! Aliwasalimu watu wako wote kwa majina, nawe majina hayo huyajui! Mlango aliubeba kichwani na huyu mama hapa, akavunjika kucha ya mkono wa kushoto. Niliiona!" Akamgeukia wa Maji Yajayo. "Na wewe, pua yako! Bomba la Bonde la Chini alilifuata kwako Jumatatu, ukamwambia fundi anaumwa; akaenda kwa fundi nyumbani, akamkuta anacheza bao. Na huyu bibi wa kaniki, kiinua mgongo cha marehemu mumewe kilikwama kwa kuwa jina liliandikwa kwa r badala ya l. Nani aliyekaa naye kutamka jina hilo mpaka mhasibu akasikia tofauti? Mimi? Mimi nilikuwa nyuma ya pazia!"

Akaendelea. Alisema yote, siku kwa siku, mtu kwa mtu, yaliyofanikiwa na yaliyogonga mwamba, kwa sababu hakuna macho yaonayo kwa uaminifu kama ya kijicho. Alipomaliza alikuwa akitweta, na watu wa Bonde la Chini walikuwa wakilia na kucheka pamoja.

Mwanasheria wa Wizara alinong'ona na Waziri. Ndani ya Sheria ya Genzi, alieleza, kimo kifungu kilichosahaulika humo kwa bahati mbaya tangu enzi za nyundo: kwamba kazi ya mwanagenzi ikishuhudiwa hadharani na mkurugenzi, mtendaji wake aajiriwe, awe amekiriwa au hakukiriwa. Kifungu hicho hakikuwahi kutumika, kwa kuwa hapajatokea mkurugenzi aliyewahi kuishuhudia kazi.

Apolonia Sewando akaajiriwa papo hapo uwanjani. Alimwendea Bwana Mapande, akapiga goti, akamshukuru. Uwanja ukalipuka tena: "Baba Apolonia! Baba Apolonia!"

Waziri, ambaye alipenda mambo yaishe vizuri mbele ya wapiga picha, alimpa Mkurugenzi nafasi ya pili. Alimwambia neno dogo tu latosha kufuta yote, na kwamba nishani i tayari. Bwana Mapande aliutazama umati. Alilisikiliza lile jina walilokuwa wakilishangilia, akalitafuta jina lake ndani yake kama mtu atafutaye nyama kwenye mchuzi wa msiba, asilione. Halikuwamo Eliakimu. Halikuwamo Mapande. Lilikuwamo "Baba", ambalo kila mtu analo, na lililobaki lilikuwa la msichana.

"Sikumzaa," alirudia.

Waziri akaguna, akamtazama mwanasheria. Sheria, alisema mwanasheria kwa masikitiko, iko wazi, na msingi wake ni hekima ya wahenga: asiye na mwana, aeleke jiwe.

*

Jiwe lilitafutwa mtoni, likapatikana la kutosha, la mviringo, jeusi, laini. Bi Perpetua ndiye aliyeifunga mbeleko, kwa ustadi wa mama wa watoto sita, akamtahadharisha Mkurugenzi asiliinamishe. Hukumu ilikuwa alieleke tangu uwanjani hadi kwenye ngazi za Wizara, kwa miguu, kupitia sokoni, kisha alitue hapo, na adhabu iwe imelipwa.

Bwana Mapande alikwenda ameuma meno, akitarajia mawe mengine ya kurushwa. Hakurushiwa kitu. Watu wa Ungojani, kama ilivyokwisha kusemwa, walikuwa watu wa kutii sheria, na aliyeeleka huheshimiwa. "Mpisheni," walisema, "ana mtoto mgongoni." Foleni zikafunguka. Kijana wa baiskeli alishuka akangoja apite. Mwuza machungwa akamtolea kigoda na maji, akamwuliza kama hajachoka. Bwana Mapande aliketi, akanywa, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alihisi kitu kitamu kikimpanda kooni. Watu walikuwa wamemzunguka yeye. Walikuwa wakimtazama yeye.

Ndipo ajuza wa kaniki alipomzunguka kwa nyuma, akafunua kidogo ncha ya mbeleko.

"Jamani, tulivu hili," akasema. "Tangu uwanjani halijasumbua."

"Na lilivyo jeusi la kung'aa," akaongeza Mama Nyamizi. "Hebu nisogezeeni nilione."

Wakaja wengine. Wakalisifu kwa uzito wake, kwa utulivu wake, kwa lilivyo laini. Mama mmoja akamletea mwanawe alishike. Wote walikuwa sasa mgongoni pa Bwana Mapande. Mbele yake hapakuwa na mtu. Aliinuka ghafla kwenye kigoda, akaongeza mwendo, lakini kadiri alivyokwenda ndivyo walivyomfuata nyuma wakilitazama.

Alifika kwenye ngazi za Wizara jua likiwa limepinda. Akafungua mbeleko, akalitua jiwe kwenye ngazi ya kwanza, kwa kishindo kilichozidi kidogo mahitaji ya sheria. Mwanasheria akatamka kwamba adhabu imelipwa yote, na kwamba hadaiwi.

Bwana Mapande akanyoosha mgongo, akafuta vumbi kwenye suti, akashika njia ya kwake. Alipofika kwenye kona aligeuka, apate kuona kama kuna amtazamaye. Watu walikuwa wameliinamia jiwe, na ajuza alikuwa amevua khanga yake ya juu, akilifunika lisipigwe na upepo.